Uongo Unaopendwa Kuhusu Kodi Mjini Kindu

Mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema nchini Kongo, kuna hoja iliyorudiwa mara nyingi hata sasa inapita bila kuulizwa. Inasemwa maofisini, inasemwa redioni, na linalosikitisha zaidi, inasemwa sokoni na watu wale wale inaowaumiza. Inadai kwamba jimbo la Maniema ni maskini kwa sababu raia wa kawaida ni wakaidi wa kodi. Inadai pia kwamba tajiri asiguswe, maana ndiye anayeleta saruji, chumvi, mafuta na ajira; ukimgusa atapandisha bei, au atafunga duka na kuhamia Goma. Kwa hiyo dawa iliyobaki ni kuwafuata wadogo ambao bado hawamo kwenye madaftari: wamotari, wauza samaki, vinyozi, vijana wanaouza unite za simu chini ya mwavuli. Maofisini dawa hiyo ina jina zuri, kupanua wigo wa kodi.

Hoja hiyo haisimami popote. Anayeitwa mkaidi ndiye anayelipa kila siku, na anayebembelezwa asikimbie hana safari. Inafaa ipingwe waziwazi, kwa sababu kila kikao cha bajeti cha bunge la jimbo kinapokaribia, yenyewe huwa imeshakaa mezani kabla wabunge hawajafungua makaratasi yao.

Aanze kutazamwa huyo mkaidi. Kindu imekatwa na mto na mji hauna daraja. Komine za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi pamoja na ofisi kubwa na stesheni ya reli. Komine ya Alunguli iko ng'ambo. Mama wa Alunguli mwenye furushi la sombe na bidoni mbili za mawese huvuka kwa mtumbwi asubuhi na mapema, na nauli anailipa mwenyewe. Akikanyaga ufuko anaweza kukutana na kijana mwenye kijitabu cha risiti. Akifika sokoni na kutandaza gunia lake chini anakutana na mwingine, wa takse ya kila siku ya meza, ingawa meza hana. Anapewa kikaratasi chembamba chenye mhuri uliofifia. Kesho kikaratasi hicho hakina kazi, atatoa tena.

Tuseme mtaji wa mama huyo ni faranga 60,000, na takse ya siku ni faranga 500 tu. Akiuza siku 300 kwa mwaka atakuwa ametoa faranga 150,000, yaani mtaji wake wote mara mbili na nusu. Hesabu hii ni ya mfano, na kila anayelijua soko anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe, lakini umbo lake halibadiliki. Kampuni kubwa nchini Kongo hutozwa asilimia 30 ya faida, baada ya kuondoa mishahara, mafuta, usafiri na uchakavu wa mashine. Mama wa sombe hutozwa kabla hajauza hata fungu moja. Mvua ikinyesha siku nzima na sombe ikanyauka, hakuna ofisi itakayomrudishia kitu.

Na hapo bado hazijahesabiwa njia. Mchele, mawese na ndizi vinavyoingia Kindu juu ya baiskeli kutoka Kibombo, Kasongo au Pangi hupita kwenye barieri, na kila barieri ina mtu wake wa kupewa. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika majimbo jirani ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini pekee; vingine vilikuwa vya makundi yenye silaha, vingine vya watu wa Leta, yaani serikali yenyewe. Ripoti ile ilihusu Kivu, lakini msukuma baiskeli wa Maniema hahitaji kufafanuliwa maana yake. Juu ya yote kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, ambayo imo ndani ya bei ya vitu vingi vinavyotoka kiwandani au ng'ambo. Mama huyo hana namba ya kodi pale DGI, idara kuu ya kodi ya taifa. Kwenye takwimu haonekani. Ndiyo maana inakuwa rahisi kumwita mtu asiyelipa.

Mfumo wa namna hii haukuanza jana. Amri ya kikoloni ya mwaka 1914 ilimdai kila mwanamume mzima kodi ya kichwa, awe na shamba kubwa au jembe tupu. Nchi jirani zilikaa na kodi za aina hiyo kwa miongo mingi baada ya uhuru, kisha zikaona aibu yake: Tanzania iliifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, Uganda ikaisimamisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005. Takse ya kila siku ya sokoni ni mjukuu wa kodi ile ile. Inamdai mtu kwa sababu yupo, bila kuuliza ana nini.

Sasa atazamwe anayebembelezwa.

Kodi ya majengo na viwanja, kodi ya magari na kodi ya mapato ya kupangisha nyumba ni za jimbo. Katiba ya mwaka 2006 inaziweka mikononi mwa jimbo, na sheria ya tarehe 13 Machi 2018 inayogawa kodi za majimbo na za maeneo imezitaja. Hizi ndizo kodi zinazomfuata mwenye mali, kwa kuwa maskini hana jumba la kupangisha wala Land Cruiser. Lakini msingi wa kodi ya majengo bado ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Kwa sehemu kubwa ya majengo sheria hiyo haiulizi nyumba ina thamani gani leo. Inauliza mahali pana daraja gani na jengo ni la aina gani, kisha inataja kiwango. Jumba lenye ukuta, jenereta na tangi la maji, linalopangishwa na shirika la kigeni kwa dola, halitengani kikodi na nyumba ya mwalimu mstaafu kwa kadiri pango lake linavyotengana.

Mfano wenye tarakimu unatoka Kananga, mji wa Kasai ya Kati, ambako kodi ya majengo imechunguzwa kuliko pengine popote katika Kongo. Wakati wa kampeni ya mwaka 2018 pale, nyumba ya udongo ilidaiwa faranga 3,000 kwa mwaka, na nyumba ya vifaa vya kudumu faranga 13,200. Ya pili inazidi ya kwanza kwa mara nne na kitu tu. Aliyewahi kuingia katika nyumba hizo mbili anajua kwamba mali zilizomo hazipishani kwa mara nne tu.

Kwenye mishahara mambo ni yale yale. Kwa miaka mingi kodi ya mishahara imekuwa na ngazi za asilimia 3, 15, 30 na 40. Ukisoma hapo unaona haki: anayepata zaidi anapanda ngazi. Sheria hiyo hiyo kisha inaweka kikomo, kwamba jumla ya kodi isizidi asilimia 30 ya mapato. Anayefaidi kikomo hicho si mwalimu wa Mikelenge wala muuguzi wa hospitali; mishahara yao haijawahi kukikaribia. Kiliwekwa kwa ajili ya walio juu kabisa.

Halafu kuna mikataba. Tarehe 13 Februari 1997, wiki chache kabla wapiganaji wa AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, hawajaingia Kindu, serikali iliyokuwa ikianguka mjini Kinshasa ilitia saini mkataba wa dhahabu na kampuni ya Banro ya Kanada, juu ya ardhi iliyokuwa ya kampuni ya madini ya SOMINKI huko Kivu na Maniema. Mkataba huo, ambao Kabila aliufuta alipokuwa rais na mwanawe Joseph akaurudisha mwaka 2002, ulikuwa na msamaha wa kodi wa miaka kumi tangu uzalishaji uanze. Mgodi wa Namoya, katika teritori ya Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Desemba 2017 kampuni tayari ilikuwa mbele ya mahakama ya Kanada ikiomba kinga dhidi ya wadai wake. Yaani msamaha wa kodi ulikuwa mrefu kuliko uwezo wa kampuni kusimama. Katika kipindi chote hicho mchimbaji mdogo wa kasiterite wa Kalima au Punia alidaiwa kadi, akadaiwa njiani, akadaiwa kwenye mizani.

Na Maniema si peke yake. Sicomines, kampuni ya shaba na kobalti iliyotokana na mkataba wa mwaka 2008 kati ya Kongo na makampuni ya China, ilipewa msamaha mpana wa kodi hadi mikopo ya miundombinu ilipwe. Mwanzoni mwa 2023 Inspeksheni Kuu ya Fedha ilitangaza kwamba upande wa China ulikuwa umevuna karibu dola bilioni 10, na Kongo imepata miundombinu ya dola milioni 822. Mkataba ulijadiliwa upya mwaka 2024. Nchi inayoweza kusamehe kiasi hicho haiwezi kusema kwamba pengo lake liko kwenye gunia la sombe.

Wanaotetea hali hii wana jibu moja wanalolipenda: mwenye fedha akibanwa anakimbia. Jibu hilo liliwahi kujaribiwa mbele ya dunia nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Kongo ilikuwa inaandika upya sheria ya madini ya mwaka 2002. Mrabaha wa shaba ungepanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, madini yatakayotangazwa ya kimkakati yangelipa 10, faida ya ziada ingetozwa asilimia 50, na kinga ya miaka kumi dhidi ya mabadiliko ya sheria ingepunguzwa hadi mitano. Wakuu wa makampuni makubwa, Glencore, Randgold, Ivanhoe na wengine, walikwenda hadi kwa Rais Joseph Kabila mjini Kinshasa. Onyo lao lilikuwa wazi: uwekezaji utakauka. Kabila alitia saini tarehe 9 Machi 2018.

Kilichofuata kinaweza kupimwa kwa tani. Mwaka 2018 Kongo ilitoa shaba takriban tani milioni 1.2. Mwaka 2023 ilipita milioni 2.8, na ikafikia kushindana na Peru kwa nafasi ya pili duniani. Mgodi wa Kamoa-Kakula wa Ivanhoe, mmoja wa waliolalamika, ulianza uzalishaji Mei 2021 chini ya sheria ile ile iliyosemekana haitavumilika. Kobalti ilitangazwa ya kimkakati na ikaanza kudaiwa asilimia 10. Hakuna aliyeihamisha migodi ya Kolwezi. Tanzania iliona kitu cha jamaa hiyo hiyo. Ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6 mwaka 2017, ikagombana na kampuni ya Acacia, na mwisho wa mgogoro mmiliki wake mkuu, Barrick, ilikubali kulipa dola milioni 300 na kuunda kampuni ya Twiga pamoja na serikali.

Ni kweli kwamba matajiri wengine huhama. Baada ya Norway kupandisha kodi ya utajiri mwaka 2022, baadhi ya mabilionea wake walihamia Uswisi. Lakini hao walikuwa na hisa, na hisa husafiri. Jumba lililoko Kasuku halisafiri. Bohari la saruji lililo karibu na reli halisafiri, wala mgodi wa kasiterite wa Kalima. Mfanyabiashara wa Kindu anauza Kindu kwa sababu wateja wako Kindu na ushindani ni mdogo, jambo ambalo kila mnunuzi wa mfuko wa saruji analijua. Akiondoka leo, kuna mwingine anayesubiri nafasi yake.

Hofu ya bei inastahili kujibiwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndiyo inayomfanya hata maskini amtetee tajiri. Mama anawaza: wakimbana huyu, mfuko wa chumvi utapanda. Hofu hiyo inatokana na uzoefu, na uzoefu huo ni wa barieri na takse za njiani. Kweli, kodi inayotozwa kwa kila gunia hupanda juu ya gunia. Lakini kodi ya jumba la kupangisha haimo ndani ya gunia. Kodi ya faida ya mwaka hukatwa mwishoni, baada ya bei kuwa imeshaamuliwa na soko na mfuko wa mnunuzi. Inayopandisha bei Kindu ni ile ile inayopendekezwa kuzidishwa: vikaratasi vya kila hatua, kuanzia kijijini hadi mezani. Ukifuta vitano kati ya hivyo na kuongeza kodi ya jumba la ghorofa, chumvi haina sababu ya kupanda.

Halafu linakuja suala la tabia. Husemwa kwamba Mkongomani kwa asili hapendi kodi, na ushahidi unaotolewa mara nyingi ni RAM. Septemba 2020 serikali ilianza kukata unite za simu kwa ajili ya daftari la vifaa vya mkononi: dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, karibu dola 1 kwa simu ndogo. Nchi nzima ilipiga kelele, waziri akaitwa bungeni, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Lakini waliopiga kelele walisema nini? Walisema kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu analipa sawa na mkurugenzi wa benki. Walisema kwamba fedha inakatwa bila ridhaa na hesabu hazionekani. Hayo ni malalamiko kuhusu haki. Mtu asiyetaka kodi kabisa hapotezi muda kulinganisha kiwango chake na cha mkurugenzi.

Vijana wa Nairobi walioingia barabarani Juni 2024 walianza na TVA ya mkate, na Watanzania waliolalamikia tozo za miamala ya simu mwaka 2021 walisema yale yale: kinachoguswa ni kidogo cha mdogo. Kwingineko duniani maoni yanaelekea huko huko. Uchunguzi wa Ipsos wa mwaka 2024 katika nchi 17 za kundi la G20 ulikuta asilimia 68 ya watu wakiunga mkono matajiri watozwe zaidi. Mwaka huo huo Brazil, ikiwa mwenyekiti wa G20, ilileta mezani pendekezo la mwanauchumi Gabriel Zucman la kodi isiyopungua asilimia 2 juu ya utajiri wa mabilionea. Anayesimama Kindu na kusema kwamba wananchi hawataki tajiri atozwe anasema peke yake.

Tena Kongo yenyewe imetoa ushahidi bora kuliko kura ya maoni. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Kasai ya Kati ilituma watoza kodi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Kananga iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na mtafiti Jonathan Weigel akafuatilia. Kabla ya hapo karibu hakuna aliyelipa kodi ya nyumba. Katika mitaa iliyotembelewa walipaji walifika zaidi ya asilimia 11. Na lililo kubwa zaidi, watu wa mitaa hiyo walijitokeza kuliko wengine kwenye mikutano ya hadhara ya serikali na kujaza karatasi za kutathmini kazi yake. Waliodaiwa walianza kudai.

Miaka miwili baadaye Weigel, pamoja na Augustin Bergeron na Gabriel Tourek, walifuatilia kampeni nyingine mjini humo, ambamo baadhi ya nyumba zilipunguziwa kiwango kwa bahati nasibu. Waliopunguziwa nusu walilipa kwa wingi zaidi ya mara mbili ya wale waliodaiwa kiwango kizima. Watafiti walipopiga hesabu, kiwango ambacho kingeleta fedha nyingi zaidi serikalini kilikuwa chini ya kile cha kawaida kwa takriban theluthi moja. Nyumba nyingi za Kananga ni za udongo na wenyewe hawana akiba ya faranga nyumbani. Kwa hiyo kumpunguzia maskini hakukuigharimu serikali. Kuliiingizia. Huyo aliyeitwa mkaidi alikuwa ameombwa kiasi ambacho hakuwa nacho.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, lile linalotolewa na watu waaminifu: hata tajiri akilipa, fedha italiwa. Hakuna Mmaniema anayeweza kulicheka pingamizi hilo. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni kwa kukatwa papo hapo, na tangu 2006 majimbo yamekuwa yakisubiri Kinshasa iyarudishie pungufu ya hapo, kwa kuchelewa. Sheria ya madini inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na eneo la mgodi asilimia 15, lakini barabara ya kutoka Kindu kwenda Bukavu inasema yenyewe fedha ilikwenda wapi.

Tatizo la pingamizi hilo ni kwamba hutumiwa upande mmoja. Hakuna siku mtoza takse wa sokoni aliambiwa asimdai mama wa Alunguli kwa sababu fedha italiwa. Wizi umekuwa sababu ya kumsamehe mwenye jumba na haujawahi kuwa sababu ya kumsamehe mwenye gunia. Isitoshe, fedha inayoibwa kirahisi zaidi ni ile inayokusanywa vipande vipande, mkono kwa mkono, kwa vikaratasi visivyo na namba. Kodi ya jumba inayolipwa benki, mara moja kwa mwaka, kwa jina la mwenye jumba, inaacha alama. Na mwenye jumba akilipa kwa uchungu atauliza fedha imekwenda wapi, na ana simu ya gavana. Leo watu wenye sauti kubwa mjini hawana sababu ya kuuliza.

Husemwa pia kwamba matajiri wa Kindu ni wachache mno, hawawezi kujaza kapu. Uganda ilidhani hivyo. Mwaka 2015 mamlaka yake ya mapato, URA, iliunda kitengo kidogo cha kuwashughulikia watu wenye utajiri mkubwa. Watafiti waliofanya kazi nayo walikuta kwamba wengi wao, wakiwemo maofisa wakubwa wa serikali wenye majumba na biashara, hawakuwa wakilipa kodi ya mapato binafsi kabisa. Katika mwaka wake wa kwanza kitengo hicho kiliingiza zaidi ya dola milioni 5, bila kupandisha kiwango hata kimoja na kwa mazungumzo mengi kuliko polisi. Mjini Freetown, Sierra Leone, meya Yvonne Aki-Sawyerr alibadilisha kodi ya majengo mwaka 2020: badala ya kupima ukubwa tu, jengo lilihesabiwa alama kwa paa, ukuta, barabara inayolifikia na huduma zilizopo. Moja ya tano ya majengo ya juu kabisa ilipandishiwa kodi zaidi ya mara tatu. Moja ya tano ya chini ikapunguziwa nusu. Mapato yaliyotarajiwa yaliongezeka karibu mara tano.

Kitu kama hicho kinawezekana Kindu bila ruhusa ya nchi yoyote, na kwa sehemu kubwa bila ruhusa ya Kinshasa. Kuhesabu majengo ya vifaa vya kudumu ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli hakuhitaji satelaiti. Vijana wa chuo kikuu wenye madaftari wanaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. Ni nani anapangisha kwa dola, mashirika yanayopanga yanajua, kwa kuwa mikataba yao ni ya maandishi. Bunge la jimbo lina mamlaka ya kupitisha edikti kuhusu mapato yake. Kikao cha Septemba, ambacho ndicho cha bajeti, kinaweza kusimamisha takse ya kila siku kwa anayeuza chini, kuweka tofauti ya kweli kati ya nyumba ya udongo na jumba la kupangisha, na kuagiza orodha ya waliosamehewa kodi ibandikwe ukutani mwa komine ambapo kila mtu anaisoma. Inayobaki ni kuamua nani adaiwe kwanza, na hapo pasiwe na mjadala mrefu: wabunge wa jimbo, mawaziri na wakuu wa huduma wenyewe, ambao majumba yao yanajulikana na kila dereva wa pikipiki mjini Kindu.